Dawa za zamani zipimwe kwetu kabla maradhi mapya hayajapiga hodi

Kwa: Waheshimiwa mawaziri wa afya wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakuu wa taasisi za utafiti wa tiba, na wakuu wa mamlaka za dawa.

YAH: JARIBIO MOJA LA PAMOJA LA DAWA, LENYE VIBALI VYOTE MKONONI

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima nawaandikia. Mimi ni mfamasia, nina duka la dawa hapa Tanga, na kipindi chote cha korona nilikipitia nikiwa kaunta. Ombi langu nalitanguliza, maana najua meza zenu zina makaratasi mengi: andaeni jaribio moja kubwa la dawa, la nchi zetu zote kwa pamoja, lipitishwe kwenye vibali vyote sasa hivi wakati hali ni shwari, kisha liwekwe likisubiri. Siku ugonjwa mpya ukiingia, kazi iliyobaki iwe kujaza jina la ugonjwa na majina ya dawa zinazopimwa, na mgonjwa wa kwanza aandikishwe ndani ya wiki hiyo hiyo.

Nisemapo dawa, nazungumzia hizi ambazo tayari zipo kwenye rafu zangu. Dawa mpya ya ugonjwa mpya huchukua miaka. Kinachowezekana haraka ni kuichukua ya zamani, ambayo madhara yake tunayajua na bei yake tunaimudu, tukaangalia kama inaufaa ugonjwa huo. Hapo ndipo tulipoumia mwaka 2020, kwa sababu kila mtu aliangalia kivyake.

Machi na Aprili mwaka ule watu walikuja dukani na simu mkononi badala ya cheti cha daktari. Ujumbe wa WhatsApp ulitaja klorokwini. Vijana hawakuijua, Tanzania iliacha kuitumia kwa malaria mwaka 2001. Wazee ndio walioikumbuka, uchungu wake na ule muwasho wa mwili mzima, wakaiulizia kama mtu anavyomuulizia jamaa aliyepotea siku nyingi. Klorokwini sikuwa nayo. Ndugu yake, haidroksiklorokwini, nilikuwa naagiza kidogo kwa ajili ya wateja wachache wenye baridi yabisi na lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Mmoja wao, mama anayeimeza kila siku kwa maagizo ya daktari wake, alikuja kuchukua dawa zake za mwezi nikamwambia msambazaji hana, na hata akipata bei haitakuwa ile. Akaniuliza, "Kwani walioinunua wote wana lupasi?" Walioinunua walikuwa wazima. Waliiweka nyumbani wakiisubiri korona.

Mbio zile zilianzia mbali. Machi 2020, Didier Raoult na wenzake wa Marseille, Ufaransa, walitoa utafiti wa wagonjwa 36. Waliopewa haidroksiklorokwini mwanzoni walikuwa 26, lakini sita wakaondolewa kwenye hesabu, na kati ya hao sita, watatu walikuwa wamehamishiwa wodi ya mahututi na mmoja alikuwa amefariki. Wanne wa aina hiyo ukiwatoa, dawa yoyote itapendeza. Tena haikupigwa kura ya bahati nasibu ya nani apewe dawa na nani asipewe. Pamoja na hayo, tarehe 28 mwezi huo huo mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu kwa matumizi ya dharura, ruhusa ambayo iliifuta Juni 15. Huko Lagos watu walikuwa wameshalazwa kwa kuzidisha klorokwini. Jarida lililouchapisha utafiti wa Marseille limekuja kuufuta Desemba 2024, wakati hata waliokuwa wakiubishania wameshahamia kwenye ubishi mwingine.

Msidhani kosa lilikuwa la upande mmoja. Mei 22, 2020 jarida la Lancet lilichapisha makala iliyosema dawa hiyo hiyo inaua, kwa takwimu za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671, zilizotolewa na kampuni iitwayo Surgisphere. Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda sehemu ya haidroksiklorokwini katika jaribio lake la Solidarity. Wataalamu walipoomba kuziona zile takwimu, hazikuonyeshwa, na Juni 4 makala ikaondolewa. Hesabu ya wagonjwa elfu tisini na ushei, na hakuna aliyeweza kuthibitisha hata mmoja! Kwa hiyo wingi wa watu peke yake hauokoi. Mimi kaunta nilikuwa naulizwa leo kwa nini siuzi dawa inayoponya, na wiki mbili baadaye kwa nini niliwahi kuuza dawa inayoua.

Aliyetegua kitendawili hiki ni kura. Chuo Kikuu cha Oxford, chini ya Peter Horby na Martin Landray, kiliandika rasimu ya jaribio la RECOVERY Machi 10, 2020, na mgonjwa wa kwanza akaandikishwa Machi 19. Siku tisa. Hadi Juni walikuwa na wagonjwa zaidi ya 11,000 kutoka hospitali zaidi ya 170 za Uingereza. Kila mgonjwa aliyekubali alipata matibabu ya kawaida ya wodi. Kisha kompyuta ilipiga kura: wewe unaongezewa dawa hii, wewe ile, wewe unabaki na matibabu ya kawaida. Daktari hakuchagua. Baada ya siku 28 waliangalia jambo moja ambalo halina ubishi, nani yupo hai na nani amefariki.

Kura ina umuhimu wake kwa sababu wagonjwa wengi wa korona walipona wenyewe. Ukiwapa watu mia moja maji ya madafu, wengi watapona, na watakuapia kuwa ni madafu. Ukiwapa dawa wale tu unaowaona wana nafuu, dawa itapata sifa isiyo yake. Ukiwapa waliokwisha kukata tamaa, itapata lawama isiyo yake. Kwenye RECOVERY, haidroksiklorokwini walipewa wagonjwa 1,561 na wengine 3,155 hawakupewa. Waliofariki walikuwa asilimia 27 kwa waliopewa na 25 kwa wasiopewa. Habari ikaishia hapo, na yule mama wa lupasi akaanza kupata dawa zake.

Deksamethasoni ndiyo ninayotaka tukae nayo kidogo. Ni dawa ya jamii ya steroidi, ya tangu miaka ya 1950, wateja huiita deksa, na imekuwemo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha hiyo ilipoanza mwaka 1977. Korona ilipoanza madaktari waliigawanyikia, kwani steroidi hupunguza kinga ya mwili, na mwongozo wa mwanzo wa Shirika hilo ulisema isitumike kama tiba ya kawaida. Juni 16, 2020 matokeo yakatangazwa. Miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, waliopewa deksa walikufa asilimia 29.3, wasiopewa asilimia 41.4. Waliokuwa wakipewa oksijeni tu, asilimia 23.3 dhidi ya 26.2. Na gharama ya dozi nzima kwa mgonjwa mmoja kule Uingereza ilikuwa kama pauni 5.

Sasa angalieni kundi la tatu, ambalo magazeti mengi yaliliruka. Wagonjwa waliokuwa wamelazwa lakini hawahitaji oksijeni: waliopewa deksa walikufa asilimia 17.8, wasiopewa asilimia 14. Haikuonekana kuwasaidia, na upo uwezekano kuwa iliwadhuru. Dawa ile ile, dozi ile ile, ugonjwa ule ule. Tofauti ilikuwa hatua ya ugonjwa. Kwa kuangalia kwa macho tu, hakuna daktari hata awe bingwa kiasi gani angeligundua hilo kutoka kwenye wodi yake moja.

Wiki ile habari ilifika Tanga ikiwa fupi: "Deksa inatibu korona." Waheshimiwa, mnajua deksa hapa kwetu inanunuliwa na akina nani. Wananunua mabinti wanaotaka kunenepa mashavu na makalio, wakiichanganya na dawa za mzio, wala hawajui kuwa inapandisha sukari na kulegeza mifupa. Ni kidonge kidogo cha miligramu 0.5. Dozi ya Oxford ilikuwa miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10, yaani vidonge 12 kwa mkupuo. Alikuja baba mmoja mwenye kisukari, hana homa wala kikohozi, akataka vidonge vya siku kumi kwa ajili ya familia nzima "ya kujikinga". Nilimtolea karatasi nikamwandikia zile asilimia za kundi la tatu. Aliikunja akaiweka mfukoni, akaniambia duka la pili watampa. Naamini walimpa.

Mnaweza kusema: basi Oxford wameshatufanyia kazi, sisi tufuate. Kwa deksa tulifuata na tulifanya vyema. Lakini wodi ya Uingereza ina bomba la oksijeni ukutani kwa kila kitanda. Hospitali zetu nyingi za wilaya zilikuwa na mitungi ya kugombania. Mgonjwa wetu anaweza kuwa na virusi vya UKIMWI, au kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa, na steroidi kwa mwenye kifua kikuu kisichotibiwa ni kucheza na moto. Haya hayaulizwi Oxford kwa sababu kule si swali lao. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kuna waliojitahidi. Jaribio la ANTICOV lilizinduliwa Novemba 2020 katika nchi 13 za Afrika, likiratibiwa na DNDi, shirika la utafiti wa dawa lisilo la kibiashara, kupima dawa zilizopo kwa wagonjwa ambao hali zao si mbaya, ili wasifike kwenye oksijeni. Kenya, Uganda na Kongo zilikuwemo. Tanzania haikuwemo. Swali lao lilikuwa zuri sana, pengine zuri kuliko la Uingereza kwa nchi zisizo na mashine. Lakini ilikuwa Novemba, na wakati huo RECOVERY walikuwa wameshatoa majibu ya haidroksiklorokwini, deksa na lopinaviri, dawa ya virusi vya UKIMWI. Miezi minane ya janga imepita. Siwalaumu watafiti. Lawama naielekeza kwenye mafaili.

Mtafiti akitaka kupima dawa Tanzania Bara anahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa. Akivuka kwenda Zanzibar, anaanza upya. Kenya kuna kamati ya maadili, kuna NACOSTI, tume yao ya sayansi, kuna Bodi ya Famasia na Sumu. Uganda kuna Baraza la Sayansi na Teknolojia na mamlaka yao ya dawa. Kila mlango una sababu ya kuwepo na sitaki hata mmoja ubomolewe. Ninachotaka ni hodi zote zibishwe sasa, kungali mchana. Kikao cha pamoja cha mamlaka za dawa hakitakuwa kitu kipya, kwani AVAREF, jukwaa la mamlaka za dawa za Afrika, linafanya hivyo tangu 2006, likianzia na chanjo. Mpitishe mwongozo mkuu mmoja wenye nafasi wazi za jina la ugonjwa na dawa. Mkubaliane mapema nani atasimamia usalama, nani ana mamlaka ya kusimamisha, dawa zitatoka bohari gani. Mlipuko ukija, kamati ipitie kurasa chache zilizoongezwa.

Najua neno litakalokuja hapa: "Sisi si panya wa maabara." Aprili 1, 2020 daktari mmoja na mtafiti mmoja walizungumza kwenye televisheni ya Ufaransa kuhusu kwenda kupima chanjo ya BCG dhidi ya korona barani Afrika, kwa kuwa huku hakuna barakoa wala matibabu, na Tedros Adhanom Ghebreyesus, akiwa mkuu wa Shirika la Afya Duniani, akayaita mawazo hayo mabaki ya ukoloni. Alisema kweli. Na wanaokumbuka Kano, Nigeria, mwaka 1996, watoto wenye homa ya uti wa mgongo walivyojaribiwa dawa ya kampuni kubwa ya Marekani, kesi zikaendelea miaka na miaka kuhusu kama wazazi waliridhia, hao wana haki ya kuuliza maswali kabla ya kusaini chochote.

Lakini dawa tuliyompa mtu bila kupimwa nayo ni jaribio, ila ni jaribio lisilo na daftari. Ushahidi wangu uko Muheza, mwendo mfupi wa basi kutoka nilipokaa. Kati ya 2009 na Januari 2011, Hospitali Teule ya Muheza ilishiriki jaribio la FEAST, pamoja na Kilifi huko Kenya, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor huko Uganda. Aliyeliongoza ni Kathryn Maitland, kutoka Kilifi. Mtoto akifika na homa kali, mikono na miguu imepoa, mzunguko wa damu umelegea, miongozo ya dunia ilisema mwekee dripu umkimbizie maji haraka. Kila daktari alifundishwa hivyo. Walipigiwa kura watoto 3,141. Waliokimbiziwa maji walifariki asilimia 10.5 ndani ya saa 48. Ambao hawakukimbiziwa, asilimia 7.3.

Someni tena tarakimu hizo taratibu. Kwa kila watoto mia, watatu zaidi walikuwa wanakufa kwa tiba iliyoaminiwa, na ilikuwa itaendelea hivyo, wodi baada ya wodi, kwa nia njema kabisa, kama wazazi wa Muheza na Mbale wasingekubali kura. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati mara tu ilipoonekana. Matokeo yalishtua madaktari wa dunia nzima, na yalitoka kwenye wodi zetu.

Na si hilo peke yake. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya AQUAMAT, jaribio lililopima artesuneti dhidi ya kwinini kwa watoto 5,425 wa Afrika wenye malaria kali, Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zikiwemo. Vifo vilishuka kutoka asilimia 10.9 hadi 8.5, na leo sindano ya artesuneti ndiyo ya kwanza. Huko Kongo, ndugu zetu wa Beni na Butembo waliendesha jaribio la PALM la dawa nne za Ebola, kuanzia Novemba 2018, huku vituo vya tiba vikishambuliwa kwa silaha. Moja ya dawa zilizoshindwa pale ilikuwa remdesiviri, ile ile iliyokuja kupimwa kwa korona duniani kote: waliopewa walikufa asilimia 53, ilhali dawa mbili zilizoshinda zilikuwa asilimia 35 na chini ya hapo. Kongo hiyo hiyo ikapima tekovirimati, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya ndui, kwa wagonjwa 597 wa mpox, na Agosti 2024 ikatuambia haiharakishi kupona vidonda. Jibu la "haifai" ni jibu. Linaokoa fedha za kununua mzigo usio na kazi.

Fedha, basi. Mnaweza kusubiri kampuni za dawa zilipie. Hazitalipia. Deksa haina mwenye hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, kila kiwanda kinaitengeneza, na hakuna mfanyabiashara atakayetumia mabilioni kuthibitisha kuwa kidonge cha shilingi chache kinafanya kazi. Tosilizumabu nayo ilionyeshwa na RECOVERY, Februari 2021, kuwa inapunguza vifo, lakini yenyewe wakati huo ilikuwa na mwenyewe, kampuni kubwa ya dawa. Mimi sijawahi kuiona hapa mjini. Wa kupima dawa za bei ya chini ni serikali, kwa sababu wa kufaidika ni mlipa kodi.

Mambo machache ya kaunta, kisha niwaache. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili cha watu, iwe fupi, na ipangwe kwa kujua kwamba mgonjwa wetu hasaini peke yake: kuna mjomba anayepigiwa simu kwanza. Tarakimu za kufuatilia ziwe chache kama za RECOVERY, muuguzi wa zamu aweze kujaza bila kuacha wagonjwa, na namba ya simu ya ndugu iandikwe ili siku ya 28 mtu aulizwe kama mgonjwa yupo. Dawa ikianza kupimwa, akiba ya wanaoitumia kwa maradhi mengine itengwe siku hiyo hiyo, wasije wakaulizana tena na mfamasia nani ana lupasi. Na matokeo yakitoka, waraka wa ukurasa mmoja utufikie wauza dawa kabla ya WhatsApp, ukisema dawa inamfaa nani na haimfai nani.

Tena msiziache nje dawa zetu wenyewe. Mwaka 2020 NIMR ilitengeneza NIMRCAF, dawa ya mitishamba, na Mei mwaka huo ndege yetu ilikwenda Madagaska kuchukua Covid-Organics, kinywaji chao cha pakanga. Watu walikunywa kwa imani. Kama tangawizi na pakanga vinatibu, kura itavipa heshima ambayo hotuba haiwezi kuvipa. Visipotibu, tujue. Mizani iwe moja kwa kidonge cha kizungu na chupa ya mitishamba.

Mwaka wa fedha wa Tanzania, Kenya na Uganda unaanza Julai 1, na bajeti za wizara zitasomwa kabla ya hapo. Naomba humo ndani kuwe na kifungu kimoja cha jaribio hili, kikiwa na jina la taasisi itakayolishika kila nchi. Nitakuwa nasikiliza redioni, hapa hapa kaunta.

Wenu katika kazi,

Mfamasia, Tanga